Mdomo Kwenye Picha ya Mama

Siku Mama alipoondoka, kola ya shati la shule ilibaki imebanwa kwenye cherehani. Alikuwa ameamka kama kawaida, akafagia kibanda chake cha ushonaji kilichokuwa mbele ya nyumba, akajitundikia utepe wa kupimia shingoni na kuanza kazi. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na begi mgongoni, akinywa chai huku akisimulia vituko vya mwalimu mpya wa hesabu. Mama alisimamisha gurudumu la cherehani, akaweka mkono kifuani, akamwambia Chiriku amwite Baba. Hakupaza sauti. Jirani mwenye teksi akawapeleka hospitali. Kabla mlango wa gari haujafungwa, Mama alimwambia Chiriku asichelewe shule, yeye angerudi mchana.

Mchana alirudi Baba peke yake.

Mama ndiye aliyempa Chiriku jina hilo, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Baada ya mazishi jina lilibaki, maneno yakapungua. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani walibaki watatu: yeye, Baba, ambaye alikuwa seremala, na mdogo wake wa kiume aliyeitwa Bonge kwa sababu ya mashavu yake. Bonge alikuwa na miaka mitatu tu. Dada yao mkubwa alikuwa chuo kikuu akisomea mambo ya kompyuta. Aliishi bwenini, akirudi nyumbani Jumamosi na nguo chafu na habari za chuo.

Mama hakupenda kupigwa picha. Akiona simu imeelekezwa kwake alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona, akisema wateja watadhani anauza sura. Simu yake mwenyewe ilipotea hospitalini siku ileile. Ikabaki picha moja tu ya karatasi, iliyopigwa siku aliyofungua kibanda: amesimama mlangoni, utepe shingoni, akicheka. Baba aliitundika sebuleni, na Bonge akafundishwa kwamba yule ndiye Mama.

Msimu wa mvua ulipofika, paa lilivuja na maji yakaingia nyuma ya kioo cha picha. Chiriku aliyaona alipotoka shule. Nyumbani hapakuwa na mtu, Baba alikuwa ametoka na Bonge. Aliishusha fremu, akafungua misumari ya nyuma, akataka kuitoa picha aianike. Lakini karatasi ilikuwa imegandana na kioo. Angeweza kumsubiri Baba. Badala yake alishika pembe moja, akavuta. Picha ilibanduka kwa sauti ndogo, kama plasta inayotolewa kwenye kidonda. Paji la uso lilitoka, macho yakatoka, utepe ukatoka. Mdomo, kidevu na nusu ya shavu vilibaki kwenye kioo, vimechanika vipande vipande.

Alijaribu kuvibandua kwa ukucha vikawa unga. Mwisho akachukua kitambaa, akakifuta kioo kikawa safi.

Baba aliporudi, Chiriku alisema ni mvua. Baba aliitazama picha muda mrefu. Akasema kosa ni lake, kwamba alijua bati lile limetoboka tangu Mama yupo, akawa kila siku anasema kesho. Jioni ileile alipanda juu ya paa na nyundo. Tangu hapo, kila mgeni aliyekuja kuwapa pole alisimuliwa habari ya bati, na kila mara Baba alimalizia kwa maneno yaleyale: "Nilikuwa mvivu." Chiriku alikuwa akitoka nje mapema, kabla Baba hajafika hapo.

Mwaka uliofuata Dada alianza somo jipya chuoni, la kuchakata picha kwa kompyuta. Jumamosi moja alimkalisha Chiriku mbele ya kompyuta yake, akaikuza picha ya ua mpaka ua likatoweka, vikabaki viraba vidogo vya rangi kama vigae vya bafuni. Alimweleza kwamba kompyuta haioni ua. Kila kiraba kwake ni namba tu. Ukibadilisha namba, umebadilisha picha. Mhadhiri wao, alisema, amewafundisha kupunguza giza, kunoa kingo na kuondoa chengachenga. Amewafundisha pia kuziba mikwaruzo: kompyuta hutazama viraba jirani, na kama jirani wote ni weupe, basi kilichopotea katikati nacho huenda kilikuwa cheupe.

Chiriku aliuliza kama inaweza kuziba tundu kubwa. Dada alielewa mara moja anauliza nini. Alisema hilo ndilo alilokuwa akiliwaza. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua picha moja iliyoharibika na kuikarabati kwa njia walizofundishwa, na kazi hiyo ilikuwa na alama nyingi. Yeye alikuwa amesimama mbele ya darasa na kusema atamrudisha mama yake. Wenzake walipiga makofi. Baba naye alipoambiwa, siku iliyofuata alianza kuchonga fremu mpya.

Picha ilikuzwa, nyufa zikazibwa, doa la maji likafutika. Macho ya Mama yalirudi yakawa meupe na maangavu. Lakini kila Dada alipoiagiza kompyuta izibe chini ya pua, ilileta kitu kama nta iliyoyeyuka. Jirani wa mdomo ni ngozi, na kompyuta ilijaza ngozi. Dada alijaribu wiki nzima. Jumamosi ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi alirudi nyumbani na macho mekundu. Alikaa akimtazama Chiriku akimenya viazi, kisha akamwomba asimame mlangoni pa kibanda, pale aliposimama Mama.

"Cheka kidogo," alisema, akiinua simu. "Si hivyo. Hujaitwa kuuza dawa ya meno."

Chiriku alielewa. Alisema Mama alikuwa na mwanya, na yeye hana. Dada alisema mwanya hawezi kuutengeneza ukaonekana wa kweli, hivyo afunge mdomo, atabasamu tu. Chiriku alifunga mdomo. Alikumbuka kioo na kitambaa, akaona kwamba kama mdomo wake unaweza kurudisha alichokiharibu, hana haki ya kuukataa.

Kazi ilichukua mchana mzima. Dada aliukata mdomo, akaupunguza ukubwa, akaupa rangi ya picha ya zamani, akaongeza hata chengachenga kidogo ili usionekane mpya. Alipomaliza, Mama alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, mzima, akitabasamu. Dada alianza kulia bila sauti. Chiriku alimsogelea, wakakaa hivyo.

"Usimwambie mtu," Dada alisema hatimaye. "Hata Baba. Kwake ndiye Mama, basi."

Baba alipoletewa picha aliketi kwanza. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kitu cha moto, akashukuru. Akaitia kwenye fremu yake na kuitundika. Majirani walikuja kuitazama. Mwenye teksi alimshika Chiriku kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema huyu mtoto ni mama yake mtupu, hasa mdomo. Kwa siku chache Chiriku alifurahi kuambiwa hivyo. Kisha furaha ikamwisha. Akila sebuleni aliipa picha mgongo. Usiku Bonge aliposema "Lala salama, Mama" akiutazama ukuta, Chiriku alijihisi kama mtu aliyepokea salamu za mwingine na kuzitia mfukoni.

Dada naye alipata alama za juu kuliko darasa zima. Mhadhiri alisema picha ile itawekwa kwenye maonyesho ya chuo, wageni waone kinachowezekana. Dada aliitoa habari hiyo kwa simu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Jumamosi mbili mfululizo hakurudi nyumbani, akisema ana kazi nyingi.

Siku moja Bonge, ambaye sasa alikuwa amefikisha umri wa chekechea, alirudi shule akiwa amenuna. Alikataa chakula. Alikataa hata kuvua viatu. Ilibidi Chiriku apige magoti mbele yake ndipo aseme kilichomsibu. Watoto wenzake walikuwa wanamwita Geti, kwa sababu ya mwanya wake. Mmoja alisema gari zima linapita pale. Hilo angelivumilia, lakini mwingine aliwauliza wote nani nyumbani kwao ana meno kama yale, na Bonge alikosa mtu wa kumtaja.

"Baba hana. Wewe huna. Dada hana," alisema. "Wanasema niliokotwa."

Chiriku alimwambia hao ni waongo. Mwanya ule ni wa Mama. Mama alikuwa nao vilevile, hapohapo.

Bonge aligeuka akautazama ukuta. "Muongo wewe," alisema taratibu. "Mama yule pale. Hana."

Chiriku aliinua macho. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa pale juu, umefungwa, unamkanusha. Jina zima la Chiriku, na neno hata moja halikuja.

Alimpigia Dada akamweleza. Dada akasema wasubiri maonyesho yapite, kwani akisema sasa anaweza kufelishwa somo na kurudia muhula. Bonge ni mtoto, atasahau. Chiriku alijibu kwamba hilo ndilo tatizo, Bonge hana cha kusahau. Alichonacho ni picha tu. Simu ikakatika, au aliikata.

Chiriku hakungoja. Alivuka ua mpaka karakana ya Baba, akamkuta akipiga randa ubao wa mlango, maranda yamemjaa miguuni. Alianza na la kwake.

"Baba, si paa lililoharibu picha. Ni mimi. Niliivuta."

Randa ilisimama. Chiriku alieleza yote: kioo, ukucha, kitambaa. Baba alisikiliza akitazama ubao.

"Kwa hiyo si bati," alisema.

"Si bati."

"Na mimi kila mvua niko juu ya paa kama paka." Alikaribia kucheka, hakucheka. Alipangusa mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akauliza bila kumtazama: "Na mdomo?"

Chiriku alisema ni wake. Dada alikuwa ameuomba kwa nia njema, na yeye alikubali.

Baba aliketi juu ya benchi la kazi. "Mama yenu hakuwa anafunga mdomo akicheka," alisema. "Hata picha ile, nilikuwepo inapigwa, nakumbuka meno. Sasa mlipoileta nikaona amefunga. Nikasema moyoni, basi nimeanza kumsahau. Kila siku naitazama ile picha najisahihisha."

Hakumgombeza. Chiriku angependa agombezwe.

Jumamosi iliyofuata Baba mwenyewe alimpigia Dada simu, akamwambia arudi. Dada alipoingia sebuleni alikuta ukutani msumari mtupu na picha iko mezani. Aliweka begi chini. Alisema alitaka kuacha, lakini kila mtu alikuwa akimngojea Mama, naye akaona aibu kuleta uso wenye tundu. Baba alimwambia hilo la nyumbani amelisamehe, kwa kuwa limefanywa kwa mapenzi na yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kudanganyika. Lakini la chuoni si lake kulisamehe. Huko kuna mtu aliyetoa alama kwa kazi ambayo haikufanyika, na huyo ndiye wa kuambiwa. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Na wewe nenda naye. Mdomo ni wako, upeleke."

Ofisi ya mhadhiri ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kidogo chenye kompyuta mbili na picha za mifupa zilizobandikwa dirishani ili mwanga upite. Mhadhiri alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimkaribisha Dada kwa furaha, akaanza kumweleza picha itawekwa upande gani wa ukumbi. Dada alimkatisha. Alisema bila kuzunguka kwamba sehemu ya chini ya uso haikutoka kwenye picha ya zamani, wala hakuna njia ya darasani iliyoileta. Ameichukua kwa mtu mwingine akaiunga, na mbele ya darasa alisema ni kompyuta. Alieleza pia jinsi mdogo wao alivyoiamini picha na kumkatalia Chiriku habari ya mwanya wa Mama.

Mhadhiri alivaa miwani. Alimtazama Chiriku kwa mara ya kwanza.

"Tabasamu kidogo, mwanangu. Usifungue mdomo."

Chiriku alitabasamu, machozi yakimtoka. Mhadhiri aligeukia kioo cha kompyuta, akaitazama picha, akamtazama tena mtoto. Alivua miwani.

Alionyesha ile mifupa dirishani. Alieleza kwamba zile ni picha za wagonjwa, na yeye huwasaidia madaktari kuzisafisha ili zisomeke. Mara nyingine sehemu ya picha haikutoka. Kuna giza tu. Angeweza kulijaza giza hilo na mfupa mzuri, akauchukua kwa mgonjwa mwingine, na hakuna daktari ambaye angegundua.

"Kompyuta haina aibu," alisema. "Namba yoyote unayoipa inapokea. Aibu lazima uwe nayo wewe uliyeketi mbele yake. Kujaza pengo si dhambi, wasanii wanafanya kila siku na wanasema wamefanya. Kosa ni kujaza halafu ukasema umekuta. Pengo linamwambia mtu kwamba hapa hatujui, na mtu anayejua kwamba hajui ataenda kuuliza. Wewe ukimzibia, umemfungia njia ya kuuliza. Mdogo wenu ameuliza, picha ikamjibu uongo, na akaiamini picha kuliko dada yake."

Dada alisema amekubali adhabu yoyote. Mhadhiri alimwambia kazi ile itapata sifuri na picha haitaonyeshwa. Kwa sifuri hiyo somo hawezi kulifaulu, atalirudia. Lakini kwa kuwa amekuja mwenyewe kabla ya maonyesho, hatapendekeza asimamishwe chuo. Dada alishukuru. Walipofika mlangoni mhadhiri aliwaita tena, akauliza kama macho na paji la uso ni vya mama yao kweli. Dada alijibu kwamba hapo hakugusa kitu isipokuwa nyufa na doa. Mhadhiri alisema basi hiyo sehemu ni kazi nzuri sana, wasiitupe.

Hawakuitupa. Dada aliuondoa mdomo wa Chiriku, akaiacha nafasi ile tupu, ya kijivu, na kingo zake zimechanika kama zilivyokuwa. Studio ya picha mjini ilipochapisha, fundi aliwauliza mara mbili kama wana uhakika.

Baba aliitia kwenye fremu ileile. Kisha alimpakata Bonge kwenye benchi, wote wakiwa mbele ya picha, akamweleza kwamba Mama alikuwa akimaliza kushona alikata uzi kwa meno, na uzi ulipita katikati ya mwanya wake kama unapita kwenye tundu la sindano, hata wateja walikuwa wakimwomba arudie. Dada akaongeza kwamba Mama alikuwa anapiga mbinja kwa mwanya huo kumwita Chiriku kutoka dukani. Chiriku akaanza kuiga mbinja, akashindwa, akasimulia jinsi siku moja alipoisikia katikati ya foleni akaacha sukari akakimbia. Alisimulia kwa muda mrefu. Hakuna aliyemkatisha.

Bonge hakuamini yote mara moja. Alitaka kujua mdomo umekwenda wapi. Chiriku alimwambia ukweli, kwamba aliuchana yeye alipovuta kwa haraka, na baadaye akasingizia mvua.

Bonge alifikiri. "Aliumia?"

"Hapana. Ilikuwa karatasi."

"Ulisema pole?"

Chiriku alisema hakusema. Bonge alimwambia aseme, naye akasema, wote wanne wakiwa wamekaa pale. Baba aliwaambia watoto wake kwamba yeye hana elimu ya kompyuta, lakini katika useremala pia ubao ukiwa na ufa, fundi mwaminifu humwonyesha mteja kabla hajapaka rangi. Mtu akionyeshwa ufa anaweza kuishi na mlango wake. Asichoweza ni kuugundua mwenyewe baadaye, kwa sababu tangu siku hiyo atakuwa anakagua kila mlango uliotoka mkononi mwako. Alisema hataki nyumba ambayo watu wanakaguana.

Dada anarudia somo lile muhula huu. Amehama bwenini, anaishi nyumbani, na asubuhi ndiye anayempeleka Bonge shule. Siku ya Jumanne ana kipindi cha mapema, kwa hiyo Jumanne Chiriku ndiye anayempeleka.